Maporomoko Aliyoulizwa Babu

Dada Neema,

Hili sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Jana hapa London niliwasindikiza Babu na Bibi, niwe mkalimani wao, kwa daktari ambaye ataamua kama moyo wa Babu utahimili ndege ya kurudi nyumbani Jumamosi. Daktari aliuliza kama Babu huwa anaanguka. Kwa Kiingereza neno hilo ni lilelile la maporomoko ya maji, nami nikamuuliza Babu kama kwetu kuna maporomoko.

"Yapo. Tangu tustaafu, mimi na bibi yako tunakwenda kila Jumapili," Babu akasema. "Unakaa pale, unautazama mlima, unashiba bila kula."

"Wakati wa vuli ndipo yanapozidi," Bibi akadakia. "Mwambie asije bila koti."

Kwa aibu nikafupisha: wote wawili, kila Jumapili, na wakati wa vuli huzidi. Daktari akaacha kutabasamu, akaandika sana.

Nilielewa alichouliza tukiwa kituo cha basi, Bibi akiokota majani mekundu akuletee. Unanijua, hata darasani sinyooshi mkono. Niliwaacha kwenye benchi, nikarudi mbio, nikabisha mlango wa daktari, nikamwambia kosa lilikuwa langu.

Mdogo wako akupendaye,
Elia