Kitenge cha Harusi ya Asma

Rumonge, nyumbani kwa mama
Jumatano, 12 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Uledi,

Amahoro. Huko Kigoma mmeamkaje? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kwa baridi ya ile mashine ya ofisini? Mama hajambo kidogo, mguu unamsumbua lakini anaswali amesimama. Nakutakia afya kwanza, maana nikimaliza salamu nitakugombeza.

Barua hii anakuletea Hadji, yule muuza vitenge. Simu naogopa.

Uledi, wamemchukua Zainabu. Muke wa kaka yetu Moussa, mama wa mutoto wa miezi minne! Leo ni siku ya tatu wamemfungia katika depo, lile ghala la Silvano tajiri wa samaki, kule Gatete. Moussa alikwenda kumdai, akarudi na jino limevunjika. Kila mkubwa tuliyemwendea anasema tungoje. Tungoje nini?

Ni ile habari yenu mliyoichapa huko ofisini kwenu. Uliniomba nikueleze jinsi Silvano anavyopulizia ndagala, dagaa kama mnavyosema huko, dawa ya wadudu ili nzi wasitue, nikakueleza yote, kwa sababu mimi ndiye ninayezigeuza kwenye vichanja vyake na mikono yangu imejaa malengelenge. Wenzako wakazifuata ndagala hizo mpaka Kongo, mpaka huko Tanzania, wakazipeleka kupimwa. Kazi nzuri, sikatai. Hapa sokoni watu waliisoma kwenye simu, wakaacha kununua kwake.

Lakini ile foto yangu mliyoitia kwenye habari! Uliniambia uso hautaonekana. Basi mimi mjinga nikasema, kama uso hauonekani, angalau nguo ionekane. Nani anapigwa foto na nguo ya kazi? Nikavaa kitenge cha harusi ya Asma. Na wewe ukaiona, ukaipitisha! Umezaliwa Rumonge, kwenye harusi ya binamu yetu ulikuwepo, umekula pilau yake. Unajua sare ile ilikatwa kwa wanawake kumi na wanane wa ukoo wetu tu, na Hadji hakuleta nyingine. Mkaufunika uso vizuri kabisa, mkaacha nguo inasema sisi ni nani.

Katika hao kumi na wanane, tunaofanya kazi kwa Silvano ni mimi na Zainabu. Siku watu wake walipokuja kutafuta, mimi nilikuwa Nyanza-Lac matangani. Walimkuta yeye.

Mama anampeleka mutoto getini akanyonye, asubuhi na jioni. Jana Zainabu alimnong'oneza mama: mwambie Mwasiti achome kitenge chake. Anajua ni mimi, Uledi. Siku tatu wanamuuliza na hajanitaja. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimsema kila siku kwamba ni mvivu wa kuosha sufuria! Nikikumbuka hivyo nashindwa hata kumeza ugali.

Wengine wote wamechoma vya kwao. Ni Shadia tu aliyekitia chake rangi nyeusi huku analia, maana alikivaa mara moja tu. Changu nilikitia motoni nikakitoa. Nikikichoma, Zainabu atatolewa na nani?

Ulikuwa ukitueleza kwamba redaksiyo yenu, hiyo ofisi ya habari, haitafuti faida, mnaishi kwa misaada, hakuna tajiri wa kuwaziba midomo. Sawa. Nyinyi tajiri hamna, lakini sisi tunaye, na depo yake iko hapa karibu, naenda kwa miguu. Sikuchukii, mdogo wangu. Nina hasira tu, na naogopa.

Nimeamua. Kesho baada ya alfajiri naenda Gatete. Nitavaa kile kitenge, kimeungua kidogo pembeni lakini kinatambulika. Nitasimama getini waone wenyewe, wamwachie mama wa mutoto. Mama hajui, nimemwambia nafuata mawese.

Usinipigie. Wakalishe wakubwa wako, wasome hii barua. Ijumaa baada ya swala, kama hujasikia sauti yangu wala ya Zainabu, andikeni: Gatete, depo, Silvano, na majina yetu mawili kamili, ya baba na ya babu. Kuficha kumetufikisha hapa.

Nisalimie mkeo Mariyamu, na baba mdogo Shabani, mwambie dua zake tunazihitaji sasa hivi, si kesho. Asma anakusalimu, mpaka leo anajilaumu kwa kuolewa, na mimi namwambia aache upuuzi. Mungu akulinde na akurudishe nyumbani siku moja ukute tuko wote.

Wako akupendaye hata akigomba,
dada yako Mwasiti

Nimesahau. Ndani ya bahasha iko foto yangu, nimepiga leo mchana studiyo. Safari hii uso msiufunike.