Ng'ombe wa Kifuani

Kirushya, Ngara
9 Juni 2024

Mdogo wangu Sostenes,

Marahaba, naitanguliza kabisa, maana najua kalamu yako inavyokuwa nzito kwenye neno shikamoo. Mimi sijambo. Maharage yanakauka shambani, migomba imesimama, na moyo niliotengenezewa Dar miaka miwili iliyopita unapiga kazi. Wewe je? Na wifi, magoti yake bado yanamsumbua, au ni wewe tu?

Konda wa basi la Biharamulo kanipa kadi ya harusi ya binti yako Josiane. Kadi, Sostenes! Mimi shangazi yake, ninayepaswa kumfunda na kumtoa ndani siku hiyo, naletewa kadi na konda! Tena nasikia umekodi mwanamke kutoka Mwanza aje amfunde kwenye kicheni pati, kwa kipaza sauti. Atamfunda nini? Alimbeba mgongoni lini? Ualimu wako wote haukukufundisha jambo ambalo hata mbuzi wa Kirushya wanalijua.

Wala usinipigie simu. Kwenye matanga ya mama uliniita mzigo wa ukoo mbele ya watu, nikaapa sauti yako sitaisikia mpaka uje hapa kwa miguu yako. Karatasi zinatosha.

Dada yako,
Genoveva


Biharamulo
17 Juni 2024

Dada Genoveva,

Shikamoo. Umeona? Imetoka na kalamu haijavunjika. Sisi ni wazima; magoti ya wifi yako yanakwenda na umri wake.

Dada, dunia imebadilika. Wakwe zetu, akina Maduhu, ni Wasukuma wenye watu wengi. Sitaki wafike wakute bibi kizee anaimba sebuleni nyimbo za Kihangaza wasizozielewa. Mama wa Mwanza ana cheti. Wewe utakaa meza ya mbele, utapigwa picha, utakula wali. Na hiyo kazi nayo inakushinda?

Halafu uache kutamba. Nimesikia ulivyotoa misa ya shukrani, ukasimama mbele ya waumini ukasema Sostenes ana ng'ombe zizini lakini wewe unaye kifuani. Ulichowekewa ni kiraka cha utando wa ng'ombe, dada. Kiraka hakimfanyi mtu kuwa mfugaji.

Mdogo wako,
Mwalimu Sostenes


Kirushya
30 Juni 2024

Mdogo wangu (mwalimu wa nani, huku kwetu?),

Marahaba. Jirani zako wa zamani hawajambo, wanakucheka kama kawaida. Mimi nina shida kidogo. Nikipanda kutoka shambani kifua kinabana, maumivu yanapanda mpaka kwenye taya, pale pale nilipong'oa jino zamani. Jasho linanitoka, la baridi. Nikikaa chini, yanaachia.

Domisiana jirani yangu ananisukuma niende hospitali. Domisiana, anayetibu kuku kwa majivu! Nimemwambia moyo wangu ni mpya, hauna la kuugua. Hii ni gesi ya maharage mapya. Nakunywa maji ya magadi. Zile dawa za Dar niliziacha siku ya misa. Mtu ukishamshukuru Mungu kwamba umepona, unaendelea kumeza dawa? Si ataona umemshukuru nusu?

Basi harusini sitafika. Safari siiwezi na gesi hii, na wali wa kupigwa picha sina hamu nao.

Dada yako,
Genoveva


Biharamulo
8 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Huku ni wazima, hasa baada ya kucheka. Gesi inayopanda mpaka kwenye taya lisilo na jino! Mimi nimefundisha darasa la tano maisha yangu yote, namjua mtoto anayeumwa tumbo siku ya mtihani. Ubatizo wa Josiane ulikuwa kiuno. Kipaimara ikawa malaria. Leo harusi, kifua. Umesema mwenyewe kwamba moyo ni mpya. Kilichobaki kuugua ni roho, na ugonjwa wake ni kijicho.

Kama ni kweli, lete cheti cha daktari. La sivyo, tarehe 27 kiti chako atakikalia binamu yetu Kanyange. Yeye angalau anajua kutabasamu.

Mdogo wako,
Mwalimu Sostenes


Hospitali, Ngara mjini
16 Julai 2024

Sostenes,

Marahaba, ingawa hukustahili. Naandika nimelala ubavu na muuguzi ananikaripia.

Barua yako niliipata Ijumaa. Kwa hasira ile nilipanda bodaboda mpaka mjini. Sikwenda kutibiwa, nilikwenda kutafuta cheti nikutupie usoni. Nikamwambia daktari, kijana hana hata ndevu, "Niandikie kwamba nina gesi, nina ndugu mjinga Biharamulo." Hakucheka. Alinibandika nyaya kifuani, akatazama karatasi iliyotoka, akaniuliza leo maumivu yameanza lini. Nikasema pale kilimani, kwenye pikipiki. Basi watu wakaanza kukimbia, Sostenes. Wanakimbia kwa ajili yangu.

Ni shambulio la moyo. Nikabisha: moyo wangu ni mpya! Akasema, "Bibi, hukupewa moyo. Ulibadilishiwa valvu, mlango mmoja tu, na huo mlango mpaka leo ni mzima. Iliyoziba ni mishipa inayoulisha moyo damu, na hiyo umezeeka nayo." Akauliza dawa nilizopewa Dar ziko wapi. Nikamweleza habari za misa. Alifumba macho. Kungekuwa na mashindano ya wajinga siku ile, mimi na wewe tungegawana kombe.

Anasema ningebaki nyumbani na magadi yangu, Domisiana angenikuta nimekauka. Kwa hiyo dharau yako ndiyo iliyoniponya. Usijisifu, hukukusudia.

Niliogopa, mdogo wangu. Pale kwenye machela niliogopa kwamba neno lako la mwisho kwangu litakuwa Kanyange.

Ijumaa wananihamishia Mwanza. Josiane nilikuwa na la kumwambia kabla hajatoka kwenu. Mama aliniambia mimi, na yeye aliambiwa na shangazi yake. Siliandiki kwenye karatasi ya konda. Cheti ulichokidai kimo humu kwenye bahasha, kitundike ukumbini.

Dada yako,
Genoveva


Benchi la nje ya wodi, Ngara
18 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nimempa muuguzi karatasi hii akuletee. Niko hapa nje na Josiane. Amesema hatoki nyumbani bila wewe, na mama wa Mwanza tumemrudisha na cheti chake. Harusi itangoja upone. Baba wa bwana harusi hakubisha, aliniuliza tu: "Mwalimu, dada yako anaumwa, ukamdai cheti?"

Ulisema mpaka nije Kirushya. Najua hapa si Kirushya. Naomba niingie.

Mdogo wako,
Sostenes


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo

Marahaba. Josiane aingie kwanza, ana la kuambiwa. Kisha wewe. Vua kofia, na usilie kwa sauti, watadhani nimekufa. Ukishakaa, sema chochote, hata upuuzi wako. Sauti yako nimeisahau.

Dada yako