Msiiguse Setilaiti

Lweba, Fizi

Mjukuu wangu Nadège,

Ndagala zimerudi ziwani na mihogo imekomaa. Simu yangu husomwa na kila mtu, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu.

Unasema kipimo cha sumaku kilichomo katika kibanda changu hakilingani tena na setilaiti yenu inayochunguza dhoruba za jua, na kwamba mtaisahihisha setilaiti kwa kufuata kibanda. Msiiguse. Setilaiti inasema kweli. Kosa ni langu.

Unajua chuma hukidanganya kipimo, kwa hiyo hapa kijijini hakuna anayekaribia kibanda akiwa na jembe au panga. Humo nimemficha Nyirarukundo, aliyeteremka kutoka milimani na watoto wake wakiwakimbia watu wenye bunduki, ambao hata hapa kijijini wana masikio. Nilimtandikia mkeka. Akaniambia, "Mwalimu, hii udongo iko na maji, batoto banakohoa. Jua yako itangoja kidogo." Tukaingiza kitanda changu cha chuma.

Sasa kila mbwa akibweka, naamka na kuketi. Usimtume fundi, maana atafungua mlango mbele ya watu. Andika tu kwamba kipimo kimekufa.

Lakini moyo wangu umechoka, na muuguzi hanifichi tena. Nikifa, waombolezaji watalala uani na kutafuta nafasi kila mahali, hata kibandani. Njoo mwenyewe na gari la kazi, lisilopekuliwa njiani, uwachukue. Usije kunizika, Nadège, njoo kabla. Mpaka ufike, najikaza kuishi.

Koko wako,
Eugène