Nimemwambia Mama "Limetoka", Sasa Anaandaa Misa ya Shukrani

Mama Hosiana mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako maana hapa nilipo sina wa kumwambia, nikimwambia padre nitalia mbele yake, na nikimwambia mume wangu atamwambia dada yake, na huyo akijua basi mlima mzima umejua.

Tunalima karoti na kabichi huku Uluguru. Mama yangu Yuliana amebeba matenga kichwani kushuka nayo mjini tangu hajaolewa, kwa hiyo mgongo ulipoanza kumuuma hakuna aliyeshtuka, tulisema ni mizigo, mpaka alipoanza kutokwa na damu ilhali hedhi ilishakoma miaka mingi, ndipo mimi na mjomba Gervas tukampeleka hospitali, na daktari akatuita pembeni akasema ni saratani ya shingo ya kizazi, imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, haina tiba tena, tumtunze nyumbani, akatupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Mjomba ndiye mkubwa wa ukoo wetu wa upande wa mama, akisema amesema, na njiani alinikataza kabisa: "Dada yangu asiambiwe. Ukimwambia, umemuua wewe."

Basi nikawa namkanda. Marehemu bibi yangu alikuwa mchuaji, watu walimfuata mpaka kutoka Kingolwira, na kazi hiyo nilijifunza kwake, napasha mafuta ya nyonyo kidogo, napitisha viganja polepole bila kukandamiza, na mama anapumua vizuri hata anasinzia. Sasa bibi alikuwa na desturi yake, akimaliza humgusa mgonjwa begani na kumwambia "limetoka", yaani gonjwa limetoka, na kama halijatoka hasemi neno hilo, hata umlilie. Siku moja nilimaliza kumkanda mama, mkono ukaenda begani wenyewe, mdomo ukasema "limetoka". Mama akageuka akanitazama.

"Kweli, mwanangu?"

Nikasema kweli.

Tangu hapo ameacha dawa, anasema dawa ya nini na gonjwa limetoka, maumivu yakimjia anasema ni kidonda kinafunga ndani, anauma pindo la kanga, na ananiambia nimkande kwa nguvu nimalizie mabaki. Amepanga misa ya shukrani Jumapili ijayo, mbuzi ameshafungwa nyuma ya nyumba na wanawake wa jumuiya wameanza kuleta unga. Mjomba anasema tuache, afe na furaha yake. Mimi ndiye ninayemwona anavyouma hiyo kanga. Nimwambie, au ninyamaze?

Prisca, Uluguru

Mama Hosiana anajibu:

Marahaba, Prisca. Majina nimeyabadilisha, maana gazeti hili hufika huko juu hata kama limefungia vitumbua.

Pole sana. Barua yako niliisoma nikaiweka chini nikaenda kunywa maji. Sasa nisikilize, na usinune.

Kumkanda mama yako si kosa. Mikono ya taratibu inatuliza kweli, ila haiondoi saratani, na hata bibi yako angekuwepo asingeiondoa. Kosa ni lile neno. Umekulia katika nyumba ambamo neno hilo lilikuwa na uzito kuliko cheti cha daktari, halafu ukalitoa kama mtu anayesema karibu chai. Tena mama yako alikuuliza. Alikupa nafasi ya kulirudisha, ukaikimbia.

Na hiyo furaha anayoisema mjomba wako ni ipi, ya kuuma kanga? Mkubwa wa ukoo ni mkubwa, namheshimu, lakini maumivu hayo hayako mwilini mwake. Huyo mama ana mambo ya kusema: shamba lipi la nani, azikwe wapi, nani hajapatana naye. Mnamnyang'anya muda wa kuyasema, na hakuna atakayeweza kumrudishia. Mwamkie mjomba kwa adabu, kisha umwambie humwombi ruhusa, unamwarifu.

Usingoje Jumapili. Keti na mama asubuhi akiwa na nguvu, umuulize yeye anauonaje mwili wake, kisha ufunge mdomo usikilize. Halafu mwambie wewe mwenyewe: lile neno halikuwa kweli, gonjwa lipo, na daktari alisema halitatoka. Dawa airudie, lakini kwa kuwa ameiacha, mpigie kwanza muuguzi wa hospitali iliyowapa akuelekeze kipimo cha kuanzia. Na kukanda kwa nguvu, usithubutu, mfupa ulioliwa na saratani unavunjika kama muhogo mkavu. Mgongo na nyonga uviache kabisa. Mkande viganja na nyayo kwa mafuta ya vuguvugu, akisema inauma unaacha. Miguu ikiisha nguvu ghafla au mkojo ukigoma, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Misa isivunjwe. Nenda kwa padre, ukilia hutakuwa wa kwanza, umwombe ampe mama mpako wa wagonjwa, na mbuzi aliwe mama akiwa bado hai, anaona nani kaja.

Ukishamwambia, anaweza kukukasirikia. Anaweza kukukataza usimguse tena, na atakuwa na haki. Usibishane naye. Pasha mafuta, kaa karibu yake, usubiri akupe mkono mwenyewe. Asipokupa leo, pasha tena kesho.