Nati ya Kushoto Mbele

Ami Makame,

Salamu nimekutolea kaburini Ijumaa, kwa hiyo hapa naingia kwenye habari ya gari moja kwa moja. Usicheke mwandiko. Mimi nasema niliiacha skuli, wewe ulikuwa ukisema skuli ndiyo iliyoniacha, lakini Wete nzima hakuna anayeshusha giaboksi haraka kama mimi. Na wewe ulijua, ila kusifu ulikuwa mbahili.

Tangu presha ikuangushe ukitia udhu, gari yako nyekundu ya mbio imekaa bandani hapa Jadida, chini ya turubai. Bi Mize yumo edani, hatoki, lakini akinisikia napita huuliza dirishani, "Sele, umeitazama gari ya mwenyewe?" Namjibu, "Nimeitazama, Bi." Uongo. Miezi miwili sijagusa hata turubai. Mimi huyu, Ami, naogopa nati.

Ya mkono wa chini, ule chuma unaoshika gurudumu, kushoto mbele.

Unaikumbuka ile chupa ya rangi ya kucha aliyoletewa Bi Mize, akaikataa kwa sababu haipitishi maji ya udhu? Wewe ukaitia kwenye boksi la spana. Kila ukikaza nati unachora mstari mwekundu, nusu juu ya nati, nusu kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imetembea. Shokapu zile fupi, bushi ngumu za maungioni, klachi nzito, vyote tumevitia sisi, havikuzaliwa na gari ile. Ulisema ni wageni, na mgeni lazima umuulize hali kila siku. Ndiyo maana kila mizunguko mitano ulikuwa chini ya gari na kanzu yako ya Idd, na Bi Mize nyumbani akikungoja na sabuni.

Basi asubuhi ya mbio za Wingwi, Idd ndogo, ulinipa upande wa kushoto nikaze. Nilikuwa nimeshavaa shati jipya, na wasichana wa Tumbe walikuwa wanakuja kutazama. Nati ya mwisho sikuikaza. Niliizungusha kwa vidole tu, nikachora mstari mrefu, wa kujidai. Ukauliza kama siku zote, "Umekaza au umepaka?"

Nikasema, "Ami, mimi huyu?"

Ukanituma kwa Bi Mize nikalete kofia yako. Niliporudi mikono mitupu, ulikuwa umeshakaa kwenye usukani, kofia kichwani. Ukaenda, ukazunguka, ukatoka wa pili, ukadai wa kwanza kasukumwa na upepo. Siku ya tatu tukakuzika.

Daktari kasema presha. Najua ni presha. Lakini sauti yako haijui. Nikichota maji, umekaza au umepaka? Nikisujudu, umekaza au umepaka? Na wallahi, kuna mchana nilipita bandani nikasikia chuma kinagonga, ngo, ngo, upande wa kushoto. Gari imezimwa, Ami. Imefunikwa.

Jana akaja Haji na ufunguo. Anataka kuiingiza Wingwi Idd kubwa hii. "Sele, gari ya baba iko sawa?"

Ulimi wangu, unaujua, ulishaanza kusema iko sawa. Mwanao, Ami. Nikaumeza. Nikamwambia, "Nipe mpaka alasiri."

Nikatoa turubai, nikapiga jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini na bismillahi tatu. Nikauona mstari wangu umekatika. Halafu nikatazama vizuri. Kile kipande cha kwenye nati hakikwenda upande wa kulegea. Kimekwenda upande wa kukaza, robo mzunguko nzima. Na pembeni pana mstari mwingine, mfupi, na kitone mwishoni, pale mkono wako unapotetemeka.

Kofia! Kofia ulikuwa nayo mfukoni, yakhe!

Ulijua. Ukaniondoa nisiaibike mbele ya watu, ukaingia chini, ukakaza, ukachora, ukanyamaza. Na siku zile ulizobakia hukunitupia hata neno moja. Afadhali ungenipiga kofi. Nililia pale chini, na ukimwambia mtu nitakataa.

Nikatikisa gurudumu. Ngo. Bushi imekauka, grisi imekwisha, kwa sababu mimi mwoga nilimwacha mgeni wako bila ya kumuuliza hali. Lakini bushi haigongi gari ikiwa imesimama. Ile ya chini ya turubai sijui ilikuwa nini, na sitaki kujua.

Kuitia grisi lazima nifungue nati. Mstari wako wa mwisho. Nimekaa nao, spana mkononi, mpaka Haji akaja kuniita. Nikamweleza yote. Alianza kucheka, halafu akanishikia taa.

Nikafungua. Nikatia grisi, nikairudisha, nikaishusha gari isimame kwa miguu yake kwanza, kama ulivyonifunza, ndipo nikakaza mpaka bega likalalamika. Nikachora mfupi. Mkono wangu nao ukatetemeka, kitone kikatoka chenyewe.

Chupa inakaribia kwisha. Nitanunua nyengine mwenyewe, dukani, na wakinicheka wanicheke. Idd kubwa hii, kule Wingwi, kila mizunguko mitano, mimi niko chini ya gari na shati jipya, Tumbe nzima inione. Haji hatozunguka juu ya uongo wangu maadamu nipo hai.

Pumzika, Ami. Na ukitaka kuniuliza tena, niulize, sikimbii.

Nimekaza. Halafu ndiyo nikapaka.

Sele wako