Mtihani wa Agosti

Kijijini Naitavuni, Nadroga
Jumapili, baada ya ibada

Kwa mdogo wangu Apakuki,

Pokea salamu za nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukiwa umekula, maana najua ukikasirika huwa huli. Sisi huku tunakwenda kwa neema ya Mungu. Mama magoti yanamsumbua tangu mvua zianze, lakini kanisani ndiye anayefika wa kwanza na kulalamika kwamba wengine wamechelewa. Mke wangu Losana na watoto hawajambo. Mhogo umekubali. Binamu yetu Taniela amejenga jiko jipya la bati, na nilipomwambia kwamba mlango wake ni wa kuku, akanijibu kwamba amejengea watu, hakujengea minazi. Kwa hiyo mimi chai yake nainywea nje.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu inaniharakisha. Nikianza jambo zito, neno ninalolitaka linanikimbia, na wewe unanimalizia sentensi kwa neno lako. Karatasi inanisubiri. Naandika mstari, narudi kuusoma, naendelea. Mke wa mchungaji anasafiri Jumatano kwenda huko Ufaransa kumtazama bintiye, naye ameahidi kukukabidhi mkononi.

Jumapili iliyopita ulipopiga simu, Mama aliiweka sauti juu ili tusikie sote. Ulisema daktari wa klabu yenu ya raga amekuondoa uwanjani mpaka wataalamu wa ubongo wakuone, na kwamba huenda msimu wote umekwisha. Ulisema mtu amekuchoma kwake, amemweleza kwamba mtihani wako wa Agosti ulikuwa wa uongo, na aliyejua siri hiyo pale klabuni ni Nemani peke yake, Mfiji mwenzako unayeishi naye nyumba moja. Jumamosi wateuzi wa timu ya taifa wakaja, wakamkuta Nemani ndani ya jezi yako namba tano. "Halafu jioni anajifanya kunipikia supu," ukasema. "Nimemwachia supu yake na nyumba yake." Ukatuambia umehamia kwa watu na kwamba siku utakayokutana naye uwanjani atajua wewe ni mtoto wa nani. Mama akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilikuwa nimeketi naye mkeka mmoja, nikasema ndiyo, watu wabaya.

Maneno yale hayakukaa ndani ya nyumba. Nemani ana shangazi yake aliyeolewa ng'ambo ya mto, yule anayeuza majani ya magimbi sokoni Sigatoka. Jana wanawake wa kijiji chetu walimpita kama hawamwoni. Losana aliniambia mama yule alirudi na mafungu yake yote, na hakuna aliyemweleza kosa lake.

Apakuki, njia uliyopita wewe niliipita mimi kwanza, ndiyo maana uliiona nyepesi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano shule moja ya Suva iliponichukua kwa sababu ya urefu wangu tu, maana mpira wenyewe sikuwa naudaka. Nikarudi, nikaichezea Nadroga misimu minne, mchana nakata miwa, jioni mazoezi. Wakala akaja na karatasi za Kifaransa, Baba akaweka sahihi ya shahidi kwa mkono wa fahari, nami nikatua kwenye baridi ile na sweta moja. Kazi ya fowadi wa safu ya pili haina picha nzuri, unaijua. Unachomeka kichwa katikati ya mapaja ya wanaume wawili wanene, unasukuma mpaka masikio yageuke nyama, unainuka, unamkaba mtu, unaanguka, unainuka. Wanaokimbia na mpira ndio wanaobandikwa ukutani.

Mwaka wangu wa pili ndipo Samisoni, mkongwe wetu wa safu ya mbele, aliponivuta pembeni. Ulikuwa Agosti, kabla ya msimu. Tulikuwa tunakwenda kukaa mbele ya kompyuta, mmoja mmoja: kumbuka maneno haya, bonyeza ukiona umbo lile. Alama unazopata ndizo kipimo chako. Ukigongwa kichwa mwezi wa kwanza wanakupima tena, na ukishuka chini ya kipimo hicho, huchezi. Samisoni akaniambia, "Dogo, Agosti uwe mjinga. Ukijitia akili Agosti, Januari watakupumzisha, na ukipumzika kuna mwenzako anavaa." Nikawa mjinga Agosti sita. Nilibonyeza polepole, nikasahau maneno ninayoyajua. Na kila nilipogongwa, walinikuta palepale.

Ulipokuja wewe nilikuwa namalizia miaka yangu. Nilikufundisha jikoni kwangu kabla hujafungua begi, kama mtu anavyomfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu. Nilijiona kaka mwema.

Niliwaambia wote kwamba nimeacha raga kwa sababu ya goti. Goti langu ni zima, hata jana nimepanda nalo mlima. Nilianza kusahau. Mwanzo nilisahau majina, nikacheka. Kisha nikaanza kuwakaripia watoto kwa vitu ambavyo nusu saa baadaye sivijui. Taa za kanisani zinaniuma. Na mwezi wa kumi na moja, wageni wa chifu walipokuja kutoka visiwani, ikawa zamu yangu kumsemea chifu mbele yao, kama Baba alivyomsemea miaka yote. Niliushika mzizi wa yaqona, ule wa kuwapokelea wageni, nikaanza. Nikawataja wakubwa wa upande wao vizuri, nikafika katikati, na maneno yakaisha. Maneno ambayo tumeyasikia tangu tukiwa tumboni, Apakuki. Taniela akasema kwa sauti kwamba Wafaransa wamenirudisha bila ulimi, watu wakacheka kuniokoa, na mzee mmoja akanimalizia. Wewe uliambiwa nilikuwa na homa.

Nilikwenda Suva nikapigwa picha za kichwa. Daktari aliniambia ubongo wangu umechakaa kuliko umri wangu, na kwamba kilichouharibu zaidi ni kugongwa tena kabla ya kupona. Nina miaka thelathini na minne. Hayo anayajua Losana tu, na sasa wewe.

Sasa nirudi kwenye mechi yako ile ya mwisho. Tuliitazama ukumbini kanisani, kijiji kizima. Ulipigwa bega kichwani, ukainuka, ukaenda kusimama katikati ya wachezaji wa timu pinzani. Taniela akasema umekwenda kuwasalimia wakwe, ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Walikutoa, wakakupima, na baada ya dakika kumi na mbili ukarudi uwanjani, watu wakapiga makofi hadi mchungaji. Ulipotupigia baadaye ulikuwa na furaha, ukaniambia, "Nimepita, kaka. Agosti yangu ni ya mjinga kwelikweli." Ukaniuliza magoti ya Mama yanaendeleaje. Nikakujibu. Ukaniuliza tena. Nikakujibu. Ulipouliza mara ya tatu, na kwa sauti ileile, nilimpa Losana simu nikatoka nje nikalia.

Nemani hakukuchoma. Ni mimi.

Jumatatu iliyofuata mechi nilimpigia daktari wa klabu, mama yuleyule aliyenishona nyusi miaka saba, na nikamweleza yote. Akaniuliza kama na mimi nilifanya hivyo. Nikamwambia mara sita. Akaniuliza hali yangu, nikamwambia ukweli. Nilijua wateuzi wanakuja Jumamosi. Nilijua umeitamani jezi ile nyeupe tangu darasa la nne. Nilijua, na nilipiga.

Kisha ukampa Nemani kosa langu, na mimi nikamwacha alibebe wiki nzima kwa sababu niliogopa sauti yako. Huo ndio uoga, na hauna jina lingine. Jana, Losana aliponisimulia ya sokoni, nilikwenda kwa shangazi yake Nemani na mzizi wa yaqona wa kuombea msamaha. Alinipokea, akanisamehe, kisha akanitukana vizuri mpaka moyo wake ukatulia.

Pamoja na barua hii utapewa jino la nyangumi lililokuwa la Baba, lile la kuombea radhi kubwa, na kibali chake cha kutoka nchini, usikipoteze. Si lako. Ni la Nemani. Mpelekee leo hiihii, keti chini mbele yake, inamisha kichwa, umwambie kosa ni la nyumba yetu na mwenye kosa ni mimi. Naona aibu kukutuma, maana hili lilinipasa mimi mwenyewe. Na supu yake unywe.

Kwa kukufundisha ule uongo nitakuomba radhi nikiwa nimepiga magoti, siku utakayofika. Kwa kukusema kwa daktari siombi. Ukitaka kunichukia, nichukie. Afadhali unichukie miaka hamsini, na kila mwaka ukumbuke kwa nini.

Losana anakusalimu. Watoto wanaulizia viatu ulivyowaahidi. Taniela anasema usirudi mwembamba. Mama bado hajui lolote. Nakwenda kumwambia sasa hivi, kabla hajaweka chai, nawe uniombee.

Ni mimi kaka yako,
Isimeli