Kiti ya Kinga Yako Ilikuwa Juu Sana

Papa,

Ni mimi, Kavira. Tangu tulikuzika hapa Butembo, kinga yako, ile baiskeli yako, inalala mu chumba yangu. Nilikatalia kila mutu kuigusa. Mama anasema nimekuwa mubaya, naangalia batu kama vile bote ni bezi. Ni kweli.

Ni kiti njo ilinifanya vile. Muzamu, mulinzi wa hospitali ya Beni, alituambia ulifika peke yako na kinga, ukaikala ku benchi ya mulango, ukaanguka. Munganga akasema ni moyo. Bote bakakubali. Lakini siku ya kurudisha kinga, niliona kiti imepandishwa juu sana.

Wewe ulikuwa mufupi, Papa, usikasirike. Na ni wewe ulinifundisha: weka kisigino ku pedale ya chini, muguu inyooke, kisha ukikanyaga na mbele ya muguu, goti inabaki imekunjwa kidogo tu. Kiti ikiwa chini, magoti inauma. Ikiwa juu, kiuno inacheza huku na huku, na mutu anachoka mbele ya kufika. Ulipima batu ya Butembo bote vile, hata ba-padri. Basi wewe, ku ile kiti, pedale haungeifikia.

Mutu alikuleta. Na mutu huyo alikimbia. Sikulala vizuri tena, maana kwetu tunajua mutu anakimbia kwa sababu gani. Nilianza kuwaza sumu.

Nikaenda Oicha, fasi ulikuwa unatengeneza kinga za batu ya kakao. Nilipandisha kinga juu ya gari, kiti sikuigusa. Kule banipokea vizuri, banipa pole, banipa chai. Chai nikakatala. Nikaikala mbele ya depot ya kakao, kinga pembeni, na kila mwanaume akipita naangalia miguu yake, hapana uso.

Papa Mathe akafika, yule shemasi wa Kiprotestanti mulikuwa munapanga naye nyumba moja. Murefu kama muti. Alinisalimia vizuri, lakini macho yake ilienda ku kiti mbele ya kufika kwangu.

Nikamuambia, "Papa, ikala juu."

"Juu ya nini, mama?"

"Ikala tu."

Akaikala. Akashusha kisigino ku pedale, na muguu yake ikanyooka kabisa. Yeye akashuka polepole, akaikala chini ku udongo.

"Ni mimi nilimubeba," akasema. "Moyo ilimushika kisha ya kula. Tulikula sahani moja, chakula ya bibi yangu. Hakukuwa pikipiki hata moja. Nikamuweka nyuma, ku porte-bagage, nikamufunga ku mugongo yangu na kitambaa ya kikwembe, kama mutoto. Tulifika akiwa muzima. Nikamuacha ku benchi, nikaingia kutafuta munganga, kisha nikasikia banauliza alikula kwa nani. Nikaogopa, nikakimbia."

Sikumuamini. Nikaenda kuuliza bibi yake peke yake, ku jikoni. Akasema vile vile. Sikuamini tena, bibi na bwana banaweza kupatana maneno. Nikarudi kwa Mathe, nikamuuliza kiti ilipanda namna gani, kama alikuwa anakimbilia hospitali.

Akainamisha kichwa. "Ni yeye alinisimamisha," akasema. "Tulikuwa hata hatujaenda mbali. Akaniambia, 'Simama, Mathe. Magoti yako inakupiga ku kifua. Vile hautafika, na mimi sitafika.' Akatosha ufunguo ya kukazia kiti mu mufuko, akaniambia nifungue kiti, nipandishe. Akapima muguu yangu na macho. Akasema, 'Bado kidogo.' Kisha akasema, 'Twende.'"

Papa, nililia pale mbele ya batu ya kakao bote. Hakuna mutu anaweza kutunga ile. Ulikuwa unakufa, na ukasimamisha kinga kwa sababu ya magoti ya mwenzako.

Nilikunywa chai yabo mbele ya kurudi.

Haukuwa peke yako. Ulikuwa na mugongo ya mutu. Mathe anaogopa bado kufika Butembo, anasema ndugu zako batamufanya nini. Nakuahidi, nitaenda kumutwaa mimi mwenyewe, nitaingia naye mu nyumba, na Mama atasikia yote mu kinywa yake. Mutu atakayemuangalia vibaya ataniangalia mimi kwanza.

Lala sasa, Papa. Ulifika.

Binti yako,
Kavira